Ng'ombe Mwenye Mimba Hachomwi Sindano

Mume wangu alikufa kabla hajaota jino. Nikiwaambia wageni hivyo wananitazama kama mtu aliyepigwa na jua kichwani, kwa hiyo nieleze mapema tuelewane. Kwetu Wakurya, mama aliyebaki bila mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mke kwa ajili ya nyumba yake. Mke huyo huhesabiwa kuwa ameolewa na mtoto wa kiume wa nyumba ile, hata kama mtoto mwenyewe hayupo. Wa kwangu aliwahi kuwapo. Aliishi miezi mitatu, baridi ya mwezi wa saba ikamkuta, akashikwa na mafua, mafua yakashuka kifuani, wakamzika nyuma ya nyumba karibu na migomba. Wakati huo mimi sijazaliwa. Miaka mingi baadaye mama yake akafika kwa wazazi wangu na ng'ombe, nikaolewa kwa jina la yule mtoto, nikaletwa hapa kijijini Gorong'a.

Sikulazimishwa, na anayetaka kunionea huruma akamwonee mwingine. Nilikuwa mtu mzima, nimeachika kwa mwanamume aliyekuwa mwepesi wa mkono na mzito wa jembe. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuninyanyulia hata fimbo ya kufukuzia kuku. Ugomvi tuligombana, hilo sikatai, maana mama huyu ana mdomo na mimi wangu sikuazima. Namwita Mama. Ni mwembamba, mrefu, anatembea na fimbo ambayo si ya kuegemea bali ya kuchapia ng'ombe, na tangu nimjue sijaona mtu anayewajua ng'ombe kama yeye. Anajua jike lenye mimba kwa kulitazama linavyokunywa maji. Mabinti zake wote waliolewa upande wa Serengeti. Aliyebaki naye ni mimi.

Kazi yangu ilikuwa moja, na kila mtu aliijua: nizae, nyumba isifungwe. Nikizaa mtoto wa kiume angekuwa mjukuu wake na mrithi wake. Nisipozaa, au nikizaa wafe, jina la nyumba lingeishia pale kwenye migomba. Mama alikuwa amezeeka, na ng'ombe wa kuoa mke mwingine hakuwa nao tena.

Mimba ikaingia. Aliyenipa ana nyumba yake, na kwa desturi yetu hana dai, kwa hiyo na hapa hana nafasi. Mama aliponiona natapika asubuhi alininyang'anya jembe mkononi. Kuanzia siku hiyo nikawa nalindwa kuliko ndama. Nikichota maji ananifuata, nikiinama ananigombeza, nikicheka sana ananiuliza kama nataka kumtikisa mtoto.

Kliniki nilikuwa naenda mjini, upande wa Bomani. Siku ya safari Mama alikodi bodaboda yake peke yake, akamwamuru dereva wangu atangulie ili amwone akikimbia. Nyuma yetu nilikuwa namsikia anapaza sauti kila penye shimo. Sindano ya pepopunda nilichomwa mbele yake na hakusema kitu, kwa sababu mabinti zake wote walichomwa hiyo, na alikuwa ameizoea.

Safari iliyofuata ndipo mambo yalipoharibika. Nesi aliyekuwa anatuhudumia alikuwa mama wa makamo, mtoto wa wafugaji wa Serengeti, mpole lakini hababaiki. Akasema kuna chanjo imeletwa, ya mafua, kwa wajawazito na wazee. Hiyo haikuwa chanjo ya siku zote. Kuna watafiti walikuwa wameileta kwa muda, na walitaka kuangalia watoto watakaozaliwa wanaendeleaje.

Kusikia neno mafua Mama akakaa sawa kwenye benchi.

"Sista, mtoto akishazaliwa mchomeni yeye," akasema.

"Mtoto mchanga hii hachomwi, Mama. Mpaka afikishe miezi sita. Kabla ya hapo anatumia kinga anayopewa na mama yake."

 Najua Mama alichokuwa anafikiria, maana hata mimi nilikuwa nafikiria hicho hicho. Miezi sita wa kwake hakuifikia. Nikadhani amekubali. Kisha nesi akavuta kasha la barafu lililokuwa chini ya meza, lile la buluu lenye mfuniko mweupe, akalifungua. Mama akaliona, akainuka.

"Ng'ombe mwenye mimba hachomwi sindano," akasema. "Wewe, inuka. Twende nyumbani."

Watu wa kwenye foleni wakaangua kicheko. Nesi hakucheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Kumbe kasha lile ndilo lilimtia hofu. Bwana mifugo alikuwa na kasha kama lile lile, rangi ile ile. Zamani alipita kijijini kuchanja ng'ombe wakati wa ugonjwa fulani, akatangaza majike yenye mimba yabaki zizini. Lakini mimba changa nani aione? Mama anajua kuzitambua, ila siku hiyo alikuwa msibani, na aliyeswaga ng'ombe wake aliswaga wote. Baada ya muda majike yakaanza kutupa mimba, moja baada ya jingine. Mama alizika ndama wasio na manyoya kwa mikono yake. Tangu hapo kwake likawa neno la mwisho: chanjo inayotoka kwenye kasha la buluu na mimba havikai pamoja.

Nyumbani nilimwambia ukweli wangu. "Mama, mimi si ng'ombe."

"Ndiyo maana nakuhurumia zaidi. Ng'ombe akitupa mimba mwakani anabeba tena, halalamiki."

"Na mtoto akizaliwa kipindi cha baridi je? Utamkinga na nini, na fimbo yako?"

Hilo lilimchoma. Akatoka nje bila kufunga mlango, na jioni hakula. Nami sikumwomba radhi, kwa sababu sikuwa nimetukana, nilikuwa nimesema kweli. Lakini nisijifanye shujaa. Niliogopa pande zote mbili. Niliogopa sindano, maana hadithi ya wale ndama ilikuwa imeniingia, na niliogopa kutochomwa, maana mahesabu ya mimba yalionyesha ningezaa baridi ikiwa inakaribia. Kila asubuhi nilikuwa nafagia kuzunguka mawe ya mume wangu kule kwenye migomba, na tumbo langu linakua. Nilijikuta namwambia yule mtoto wa chini, nisaidie basi, wewe ndiye uliyepita huko.

Siku ya gulio Mama aliamka amevaa kanga yake nzuri. "Twende tukamwulize yule sista maswali ya ng'ombe," akasema. "Yeye ni mtoto wa wafugaji. Akinijibu vibaya nitajua."

Tulimkuta nesi anakunywa chai. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, yeye akamwamkia Mama, Mama akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekuja na kesi. Akaieleza habari ya majike yote, mpaka rangi zao. Nesi akamsikiliza mpaka mwisho, akasukuma kikombe pembeni.

"Mama, uko sahihi kuogopa," akasema. "Chanjo nyingine za ng'ombe zina mdudu hai, amedhoofishwa tu. Jike likiwa na mimba, mdudu huyo anaweza kumfikia ndama tumboni. Ndiyo maana bwana mifugo alikataza. Hii ya mafua ni kitu kingine. Mdudu wake ameuawa kabla hajatiwa kwenye chupa. Hawezi kumfanya mama augue, wala hawezi kumfikia mtoto."

"Kama amekufa, anamfundisha nini mwili?"

"Mbwa wako ukimnusisha ngozi ya fisi, siku fisi akija si atabweka?"

Mama akaitikia kwa kichwa polepole. Hilo lilimkaa. Lakini hakuwa amemaliza. "Ndama akikosa dang'a anakufa," akasema. Dang'a ni yale maziwa mazito ya mwanzo ng'ombe akishazaa, na kwa wafugaji hakuna asiyejua kwamba ndama asiyeyanywa hafiki mbali. "Kinga yake iko mle. Sasa huyu wa kwangu ataipata wapi kinga ya hiyo sindano yenu, na bado yuko tumboni?"

"Hapo ndipo mtu na ng'ombe wanapoachana, Mama. Ndama huzaliwa mtupu, kinga yote anaikuta kwenye dang'a. Mtoto wa mtu anaanza kupewa akiwa bado ndani, kupitia kitovu. Maziwa ya mwanzo yanakuja kuongezea. Mkwe wako akichomwa leo, baada ya wiki kadhaa mwili wake utakuwa umeshatengeneza kinga, na mtoto atazaliwa na fungu lake."

"Kwa hiyo hatashikwa na mafua."

"Hilo sikuahidi. Anaweza kushikwa. Ninachosema ni kwamba akishikwa hatakuwa mikono mitupu."

Nilimpenda nesi kwa jibu hilo. Angeapa kwamba mtoto hataumwa kamwe, Mama angeondoka pale pale, maana mtu anayeuza ng'ombe asiye na kasoro ni mwizi.

Mama akafikiri. Kisha akapandisha mkono wa blauzi yake. "Anza na mimi," akasema. "Dawa usiyoijua unaijaribu kwa jike zee lisilozaa tena. Jike hilo ni mimi. Nikibaki mzima, huyu atakuja."

Nesi akanitazama, nikatazama dari. Kwa kuwa chanjo ilikuwa ya wazee pia, alimwuliza afya yake, akampima presha, akamchoma. Mama hakupepesa macho. Njiani kwenda kwenye bodaboda aliutazama ule mkono kama mtu aliyeazimwa kitu asichokiamini.

Kesho yake hakuamka kukamua. Ng'ombe wakalia zizini, nikaingia kwake na uji wa ulezi, nikamkuta amejifunika blanketi mpaka kidevuni, ana homa kidogo, mwili unamuuma.  Nikasema basi, yamekwisha, sindano nimeikosa, na lawama zote nimezipata. Nikaanza hata kupanga maneno ya kujitetea.

"Niguse hapa begani," akasema. "Pamevimba?"

"Kidogo, Mama."

"Gusa vizuri."

Nikagusa. "Pamevimba. Pole."

"Pole ya nini?" Akajiinua kwenye mto, macho yanang'aa. "Ng'ombe akichomwa ya homa ya mapafu na pasivimbe, tunajua tumechomewa maji. Pakivimba, dawa ni dawa. Hii ni dawa. Nikipata nguvu tunarudi, ukachomwe na wewe."

Nilicheka mpaka nikamwaga uji. Siku mbili tatu mbele alikuwa zizini anawatukana ng'ombe kama kawaida, na wiki ile ile nilichomwa. Mkono wangu haukuvimba hata chembe. Mama alinigusa asubuhi, akanigusa mchana, akataka turudi wakarudie. Nesi ilibidi amweleze kwa simu kwamba mkono usipovimba haina maana dawa imekataa. Alikubali kwa shingo upande, na kwa muda mrefu aliniona kama jike lililochomewa maji.

Nikajifungua mtoto wa kiume. Mama alikuwa nje ya wodi, amekaa chini ingawa kiti kilikuwapo. Walipompelekea alimfunua, akamtazama vidole, akamtazama kifua kinavyopanda na kushuka. "Mura," akasema, yaani kijana. Jina hakumwita. Jina lilikuwapo, ni la mume wangu, lakini alikataa kulitamka. Alimwita mgeni. "Mgeni amenyonya? Mgeni amelala?" Nilielewa. Mgeni huwezi kumfunga kwa jina kabla hujajua kama atakaa.

Baridi ya mwezi wa saba ikaja. Huku kwetu juu ukungu unashuka mpaka saa nne asubuhi huoni zizi. Mafua yakatembea nyumba kwa nyumba. Shuleni madarasa yakawa yanakohoa, kanisani mahubiri yakawa hayasikiki. Nikashikwa mimi. Kisha, akiwa na miezi mitatu, umri ule ule, akashikwa na mtoto.

Pua iliziba, mwili ukapata moto.  Mama hakulia wala hakunigombeza. Alimchukua, akaweka sikio kifuani kwake, akakaa hivyo kwa muda mrefu, amefumba macho. Alikuwa anasikiliza mlio anaoujua, ule aliousikia kifuani mwa mwanawe. Kisha akanirudishia mtoto akasema tusisubiri, twende mjini sasa hivi. Nesi akampima joto, akahesabu pumzi zake, daktari akamsikiliza mbele na nyuma. Kifua kiko safi, wakasema. Anyonye mara kwa mara, na akianza kupumua kwa shida mrudisheni haraka.

Alinyonya. Alinyonya kama ana ugomvi na mimi. Jumapili alikuwa anamcheka Mama usoni, na pua bado inamtoka.

Sitadai kwamba ilikuwa sindano peke yake. Nilimnyonyesha bila kuchoka, Mama alihamishia moto wa kupikia nje ili moshi usimfikie, na Mungu hakulala. Nesi mwenyewe aliniambia mtoto mmoja hawezi kuwa ushahidi. Lakini najua kwamba nilizaa nikiwa na kitu cha kumpa mtoto, kitu ambacho wanawake wa zamani hawakuwa nacho.

Jino la kwanza Mama ndiye aliyeligundua, kwa kidole, likamuuma. Akaliangalia lile tundu dogo kwenye kidole chake. Akatoka, akakamata kuku, akachinja, akampika mwenyewe. Wakati wa kula akamwita mtoto kwa jina, taratibu, akifuatisha kila silabi. Nyumba ikawa na mtu.

Wale walioleta chanjo hawakutoweka kama nilivyodhani. Kila baada ya muda walikuja na mizani na vitu vya kuchezea, wakampima urefu na uzito, wakaniuliza ameugua nini, amelazwa wapi, anatembeaje, anashikaje vitu. Walisema wanataka kujua kama watoto ambao mama zao walichanjwa wakikua wana tofauti yoyote mbaya na wenzao. Mama aliwapokea kama wanunuzi mnadani. Alimfungua mtoto mdomo awaonyeshe meno, akamgeuza wamwone mgongo. "Tazameni miguu," alikuwa akisema. Nilimwambia aache, hawakuja kununua.

Lakini mtoto alipofikisha miaka miwili alikuwa hajasema neno hata moja. Anasikia, anacheka, anaonyesha kwa kidole, ila kinywa kimya. Wenzake wa rika wanaomba ugali, wanatukana hata. Kisimani jirani mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba watoto wa sindano ndivyo walivyo, hawasemi, na wakikua hawatazaa. Nikamwambia, "Wewe mama yako hakuchomwa, na mpaka leo hujui kunyamaza." Nikabeba ndoo yangu nikaondoka, lakini alichosema nilikwenda nacho mpaka nyumbani.

Maneno yale yakafika kwa Mama. Hakuniuliza kitu. Kwa siku kadhaa alinipita kama nguzo ya zizi, na hapo ndipo niliogopa kweli, kwa sababu Mama akigomba unajua uko wapi naye. Jioni moja, anakamua, akasema bila kugeuka, "Nilikubali mwenyewe. Nilinyoosha mkono wangu mwenyewe. Kama nimemharibu, nimemharibu mimi."

Maskini, kumbe lawama hakuwa ananiwekea mimi. Nilichuchumaa karibu na ndoo nikamshika bega. Tukakubaliana kwenda kwa nesi wote watatu, na mtoto.

Nesi alitikisa funguo nyuma ya kisogo cha mtoto, mtoto akageuka. Akamnong'oneza, akageuka. Akampa kikombe na kijiko, mtoto akakoroga chai ya hewa na kumpelekea Mama anywe. "Anasikia, na anaelewa," nesi akasema. "Watoto wengine huchelewa. Tutampa muda, tutamwangalia tena, na asipoanza tutampeleka kwa wataalamu. Lakini Mama, nikuulize. Kabla ya sindano hii kuja, kwenu hapakuwa na mtoto aliyechelewa kusema?"

Mama akaanza kusema hapakuwa, akakwama mdomo wazi. Akaangalia chini. "Kaka yangu," akasema. "Walimwita bubu mpaka akaanza kuchunga. Sasa kwenye vikao vya ukoo hatupati nafasi ya kusema kwa ajili yake."

Nesi akacheka safari hii, na Mama akacheka, na mimi nikacheka kwa sababu sikuwa nimecheka siku nyingi. Miezi michache mbele mtoto alisimama mlangoni mwa zizi, jike jekundu likamzibia njia, akasema, "Toka." Neno safi kabisa, kwa sauti ya Mama, na hasira ya Mama. Tangu siku hiyo hatujapumzika. Ana Kikurya chake, Kiswahili chake, na Kiswahili kidogo cha Kikenya alichookota Sirari mpakani kwa shangazi zangu, na anavitumia vyote kwa pamoja.

Sasa anasoma darasa la awali. Ana magoti yenye makovu na anahesabu ng'ombe kwa kuwataja tabia. Safari ya mwisho wale wapimaji walisema wamemaliza naye, yeye na wenzake wanakua vizuri kama watoto wengine wa rika lao. Chanjo yenyewe hapa kwetu haikuendelea kuletwa, na hilo linaniudhi. Nina mimba ya pili. Safari hii Mama ndiye aliyeniuliza habari ya sindano, tena nikiwa bado nina mashaka kama ni mimba kweli. Alimpigia nesi, akaambiwa huenda ikapatikana hospitali kubwa, Mwanza, au ng'ambo ya mpaka. "Basi tutaifuata," akasema. "Ng'ombe tunawafuatia dawa mbali kuliko huko."

Wiki iliyopita mtoto aliweka sikio tumboni kwangu akauliza huyu wa ndani tata yake ni nani. Tata ni baba kwa Kikurya. Nikamwambia, ni tata yako wewe pia. Akauliza yuko wapi, mbona hajawahi kumwona. Sikujua nianzie wapi. Mama, aliyekuwa anachambua mboga, akaweka ungo chini, akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba. Nikawafuata.

"Tata yako huyu," Mama akasema.

Mtoto akatazama mawe ya kichwani, akatazama ya miguuni. Akasogea akasimama katikati, akajitazama miguu yake. "Mbona ni mdogo? Ni mdogo kuliko mimi."

"Aliugua mafua akiwa mdogo. Mama yake hakuchomwa sindano. Siku hizo haikuwapo."

"Mama yake ni nani?"

"Ni mimi."

Mtoto akafikiri. Akamtazama bibi yake usoni, kwa makini, kama anavyomtazama mtu aliyejikwaa. "Pole, Bibi," akasema.

Mama akajibu kama tunavyojibu sote. "Nimeshapoa." Nadhani hakuna aliyewahi kumpa pole hiyo, maana mtoto wa miezi mitatu hawekewi matanga, wanawake huambiwa watazaa mwingine. Alisema nimeshapoa, kisha akakaa chini kwenye majani makavu ya migomba, akaanza kulia. Mjukuu wake akakaa karibu naye, akaendelea kumshika mkono.